Simu Ndani ya Friji ya Watu

Mume wangu ni fundi friji, na tangu anioe sijaona friji iliyomshinda. Akitega sikio kwenye mashine, anakuambia inaumwa nini. Sasa zimekuja friji za kisasa zinazoendeshwa na kadi, kile kibao chenye vidude vidogo vidogo, na hizo hata uzitegee masikio yote mawili hazikuambii kitu. Bosi wa karakana akatangaza: Jumatatu kila fundi atapewa friji mbovu ya aina hiyo, atafute ugonjwa wake peke yake, bila simu. Atakayeshindwa anaondoka mezani, anakwenda kuosha friji nje. Baba Pacha huyu, aoshe friji! Niliumia mimi kabla yake.

Binti yetu mmoja akamwonyesha masomo ya video kwenye simu. Basi mzee kila akitoka kazini anajifungia chumbani: "Msinisumbue, nasoma." Tukawa tunatembea kwa kunyata. Siku moja nikampelekea chai, nikamkuta anamtazama mtu anayegombana na kasuku.

"Hilo ndilo somo?"

"Limejileta lenyewe." Uso wake ulionyesha kweli hajui limefikaje. "Nilikuwa kwenye kadi sasa hivi tu, Mama Pacha."

"Na kwenye kadi umejifunza nini?"

Akaanza kurudisha video nyuma, alitafute jibu humo.

Nikachanganyikiwa. Kama anasoma, mbona hana alichoshika? Na kama anacheza, mbona anatoka humo amechoka hivyo? Akanikabidhi simu niifiche, halafu akaja kuiomba eti aangalie saa, na saa kaivaa mkononi.

Jumamosi akajitafutia dawa. Uani kulikuwa na friji ya mteja, keshaitengeneza. Akaitia simu ndani, kwenye droo ya mboga, akauzungushia mlango utepe, akaketi na kadi mbovu aliyoazima karakana. Baadaye akaenda kuoga. Huku nyuma mwenye friji akaja na kaka yake na gari. Mimi ndiye niliyewafungulia geti, tena nikasaidia kusukuma. Ule utepe nilidhani ni ufundi.

"Friji iko wapi?" akaniuliza, taulo begani.

"Wenyewe wameichukua."

Akakaa chini palepale. Masomo yote yalikuwa kwenye simu, na namba ya mteja pia. Nikaipigia simu yake kwa yangu. Iliita mpaka ikakata, huko kwenye friji ya watu.

Jumapili ndipo nilipoona vituko. Kila mara mkono unapapasa mfuko, unarudi mtupu. "Natafuta nini mimi?" akaniuliza. Sasa mimi nimjibu nini? Mwishowe akaniita nikae anifundishe ile kadi. Akaanza vizuri, umeme unaingia hapa, unapita pale.

"Na hicho cheusi ni cha nini?" nikauliza.

"Nimekiona kwenye video mara nyingi mno."

"Sikukuuliza kama umekiona. Ni cha nini?"

Akakasirika, lakini si kwangu. Akachukua mita ya kupimia umeme, akaanza kukagua kidude kimoja kimoja. Akikosea anasonya, anarudi nyuma, anaanza upya. Chai ikapoa. Nikamwita kula, hakusikia, nikaingiwa na hofu kidogo.

Jumatatu, yeye keshaondoka, mwenye friji akaileta simu. Ilikuwa baridi kama soda, na mama wa watu akauliza kama ndiyo dhamana ya fundi. Nilicheka, lakini roho ilikuwa karakana.

Jioni Baba Pacha akarudi. Nikausoma uso wake nikashindwa: haukuwa wa aliyefaulu, wala wa aliyeanguka.

"Haya, niambie. Meza bado ni yako?"

"Ni yangu."

Nikaruka kwa furaha. Akanishika mkono nitulie.

"Nilipoifungua ile friji nilisahau watu wote. Bosi anasema aliniita, sikumsikia. Kichwa kilitulia kabisa, Mama Pacha. Nikaliona tatizo, nikalifuata mpaka mwisho." Machozi yalimlengalenga. "Hivi zamani nilikuwa hivi siku zote?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokaa nami, nikamsimulia jambo, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Nilitafuta sana.

"Sijui, Baba Pacha," nikamwambia. "Nimesahau."