Baridi ya Siku ya Mwaka

Nilitawishwa mwezi wa Machi, na mwezi huo ulinikera kuliko kutawishwa kwenyewe. Machi ndio mwezi wa kuogelea. Kaskazi imechoka, kusi haijaanza, bahari ya Lamu imetulia, na maji ya ufukweni yana uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Unaingia bila kushtuka, unakaa humo mpaka vidole vinakunjamana, na hakuna kinachokutoa ila njaa. Basi mwezi huo huo, mimi nina miaka kumi na mitatu, mama akaniita chumba cha ndani akaniambia kwamba nimekuwa mtu mzima. Tangu siku hiyo sitatoka ila kwa ruhusa, na nikitoka ni ndani ya buibui.

Nikamwuliza, "Na pwani?"

Akasema pwani ni ya watoto na wanaume.

Sisi wa nyumba za mawe za mjini ndivyo tulivyokuwa miaka ile ya hamsini, na sitaki mtu adhani tuliteswa. Nilikula vizuri. Nilifundishwa kushona kofia, na kofia zangu zilisifiwa. Lakini nilikuwa nimefungwa, nilijua nimefungwa, na kila aliyenipongeza kwa kukua nilitamani kumfinya.

Kuogelea nilijifunzia upande wa Wiyoni, pamoja na wasichana wa rika langu, kwenye maji yaliyojaa karibu na mikoko. Hakuna aliyetufundisha. Tulijua bahari kwa ngozi zetu. Kaskazi ikivuma, maji ya juu huwa ya moto na ya chini yamepoa kidogo. Mvua za Aprili huyatia uchafu, huoni hata magoti yako. Kuanzia Juni kusi hukaza, maji hupoa siku hata siku, na ule mkondo wa kati yetu na kisiwa cha Manda huvuta kwa ubavu. Julai hatukuingia kabisa. Tulichovya vidole vya miguu, tukapiga kelele, tukarudi nyumbani. Kwa hiyo baridi ya Julai niliijua kwa kusikia na kwa vidole tu.

Ndani ya nyumba maji yangu yakawa ya birika. Lilikuwa birika la kuogea kama la nyumba zote za mjini, limejengwa kwa chokaa pembeni mwa choo, na ndani yake mlikuwa na samaki wadogo waliofugwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Nilitumbukiza uso humo, nikafumba macho, nikahesabu mpaka pumzi ikaniishia. Maji ya kisima hayana Machi wala Julai, ni yale yale mwaka mzima. Siku moja bibi yangu, mama yake baba, alinikuta nimeinama hivyo, nywele zote zimelowa.

"Watisha samaki wangu," akasema. "Wamekonda kwa sababu yako."

Nililia mbele yake bila haya. Bibi ndiye aliyenitafutia njia. Mwezi wa Julai ilikuwa inakuja Siku ya Mwaka, ule mwaka wetu unaohesabiwa kwa jua, ambao watu hushuka pwani kuoga ili mabaya ya mwaka uliopita yabaki baharini. Siku hiyo hata wanawake waliotawa walikuwa na ufuko wao. Baba aliyaita mambo ya kizamani, lakini hakuweza kumkatalia mama yake. Mama ndiye aliyeweka sharti.

"Mai ya kiunoni," akaniambia, yaani maji yasinipite kiuno. "Ukizidi hapo, hutatoka tena mpaka siku ya kuolewa. Wanisikia?"

Nikaapa. Nilikuwa naongopa, na nilijua naongopa wakati ule ule. Miezi minne nilikuwa nimeogelea kichwani mwangu kila nilipolala, na kila mara maji yalikuwa yale ya Machi niliyoyaacha. Hilo ndilo kosa langu. Nilikuwa nimesahau kwamba bahari haikuningoja.

Tulishuka baada ya sala ya alfajiri, jua likianza kupanda. Wanawake walitundika mabuibui yao kwenye matawi ya mikoko wakaingia na leso zilizofungwa kifuani, wakirushiana maji na kucheka kwa sauti ambazo mjini hawakuzitoa. Bibi alichota maji akajimwagia kichwani, akaona amemaliza. Mama alibaki ufukweni kulinda nguo, kama alivyofanya kila mwaka.

Niliingia nikashtuka. Maji yaliniuma vifundoni, yakaniuma magoti, na yalipofika tumboni pumzi ilikatika. Nilidhani nimekosea bahari. Nikasimama kiunoni, mahali pa kiapo changu, natetemeka, nikamtazama mama, naye akanipungia mkono kwa furaha. Kisha nikainua miguu.

Mikono ilikuwa imelegea kwa kukaa, lakini haikusahau. Nikapita wanawake wote, nikapita kigingi cha mwisho cha kufungia mashua. Mbavu zilinibana, mkondo ukaanza kunipeleka kando, na mimi nacheka mdomo umejaa chumvi. Sikuwa nakwenda popote. Nilitaka tu pasiwe na ukuta mbele yangu.

Ndipo nikasikia sauti ya mama ikiniita nije kwake, "Ndoo! Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Niligeuka. Mama alikuwa ndani ya maji na buibui lake, nalo limetandazika juu ya maji kumzunguka. Maji yalikuwa kifuani. Akaja. Yakafika mabegani, na bado anakuja, anatembea kama anayevuka ua wa nyumba. Hakujua kwamba mbele kuna kina. Wanawake wengine walipiga mayowe, lakini hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

Nilikasirika mno. Angesimama ufukweni akanitukana, ningeendelea, na yangenipata ya kunipata. Lakini yeye alizidi kuja. Nikarudi, napigana na mkondo, naona mbele yangu uso tu na mikono miwili. Nilipomfikia maji yalikuwa kidevuni. Alinikamata mkono kwa kucha, tukatoka hivyo hivyo.

Nyumbani baba hakuambiwa kitu. Bibi alimvua mama nguo akamfunika shuka mbili, akamkalisha karibu na seredani yenye makaa. Meno yake yaligongana. Nikamletea chai ya tangawizi, nikakaa miguuni pake kungoja hukumu yangu.

Alikunywa nusu kikombe.

"Sikuyua kuwa mai ya pwani ni baridi hivi," akasema.

Nyumba aliyozaliwa na nyumba aliyoolewa zote mbili zilisikia mawimbi.

"Huwa hivi siku zote?"

"Hapana, mama. Ni msimu. Kuna miezi huwa ya moto, mtu hataki kutoka."

Alinitazama kama aliyefichwa habari na mtu wa nyumbani kwake.

"Na wewe hukunambia," akasema.

Kisha akalisema lile nililokuwa nikilingoja, kwamba sitatoka tena mpaka siku ya kuolewa. Alilisema taratibu, amenishika mkono, na hakuuachia mpaka chai ikapoa.