Kebo Aliyoileta Don Arcesio

Nohemy Tabares hakusomea mawasiliano. Mambo ya waya aliyajua kwa kupanda mapaa ya La Quiebra, kijiji cha milimani Kolombia, tangu enzi za televisheni ya kijiji, pale familia zote zilipochanga dishi moja na kila nyumba ikavutiwa kebo yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ulimi mwepesi zaidi, na kasoro yake ilikuwa moja tu: hakujua kumkatalia mtu uso kwa uso. Kasoro hiyo ndiyo iliyomponza mwezi Machi.

Doña Rosmira, mpika arepa, ile mikate ya mahindi, alikuwa amechoka figo zote mbili. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya hospitali moja huko Medellín, na daktari alimwambia bila kuzunguka: figo ikipatikana tunapiga simu, usipopokea tunampigia anayefuata. Sasa nyumba yake iko bondeni, na ili simu ishike mtandao ilibidi upande juu ya banda la kukaushia kahawa. Mgonjwa gani huyo wa kushinda juu ya paa? Majirani wakaitisha msaragambo. Wakachanga wakanunua busta ya kuvuta mtandao. Huyu akaleta kuku wa supu ya sancocho, yule mihogo na ndizi, na don Arcesio akatokea na bunda la kebo begani, masalia ya ile televisheni ya kijiji, aliyoyatunza darini miaka kumi na minane.

Nohemy aliona papo hapo kwamba haifai. Ilikuwa nyembamba, imeungwa mara mbili kwa utepe, na vichwa vyake havikuingia kwenye busta mpaka uvivalishe adapta juu ya adapta. Lakini katika msaragambo humrudishii mtu alicholeta. Bora umtukane mama yake. Akaifunga hivyo hivyo, mita arobaini kutoka mlingoti wa antena juu mlimani hadi jikoni kwa Rosmira. Simu ikaonyesha vistari viwili, watu wakapiga makofi, wakala wakashiba.

Mvua za Aprili zikaingia kwenye viungo, vistari vikayeyuka. Nohemy alipanda mlimani akajaribu simu chini ya antena: mtandao tele. Akashuka jikoni: hakuna kitu. Hakuwa na wa kumsingizia. Akaenda moja kwa moja kwa don Arcesio.

"Nimekuja kukuudhi, mzee wangu."

"Kunywa kahawa kwanza, ndiyo uniudhi."

"Kebo yako naing'oa."

Mzee akaweka kikombe chini. "Ina ubaya gani? Imenionyesha mpira miaka yote ile, hata goli moja halikunipita!"

"Ile ni ya televisheni. Mpira ulikuwa unakuja na nguvu zake. Huu mtandao wa simu unafika pale juu umeshachoka. Kila mita inaumega, kila adapta inaumega, maji nayo ndiyo hayo. Ukifika jikoni umebaki jina."

"Na siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningekuaibishaje mbele za watu, don Arcesio?"

"Kwa hiyo ukaona heri Rosmira afe kuliko mimi ninune?"

Nohemy aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe.

Kesho yake walishuka mjini pamoja. Safari hii Nohemy alikuwa mkali kama nyigu. Alikataa kebo ya bei rahisi, akakataa adapta, akachukua kebo nene nyeusi ya mitambo ya simu, yenye vichwa vya aina ile ile ya busta, vya kukaza kwa skrubu na raba ya kuzuia maji. Waliporudi wakausogeza mlingoti kwenye mwinuko wa karibu na nyumba, kebo ikawa mita ishirini tu. Don Arcesio alishika ngazi, akilalamika kwamba vijana wa siku hizi wanapenda vitu vinene. Huyo "kijana" alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Vistari vikasimama vinne, na siku tatu za mvua havikutikisika. Siku ya nne Nohemy alikuwa jikoni akikagua viungo simu ilipoita. Doña Rosmira akafuta unga mikononi, akapokea kwa spika, wote waliokuwamo wakasikia.

"Doña Rosmira Usuga? Tunapiga kutoka hospitali. Tulikutafuta wiki iliyopita mara mbili, hukupatikana. Leo tungekukosa, tungeliondoa jina lako kwenye orodha. Bado upo, unaendelea kusubiri figo?"

Nohemy akaiachia kebo aliyokuwa akiikagua. Zile mara mbili zilikuwa kosa lake, alijua.

"Nipo, mwanangu," akasema doña Rosmira, machozi yakimtiririka. "Nipo, na nakusikia vizuri kabisa."