Ramadhani hii simu iliniambia naumwa, nikabisha

Wakuu, amani iwe kwenu. Mimi ni mzee, mwalimu wa madrasa mstaafu. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Nina bipolar tangu ujana. Kwa asiyeijua: kuna majira moyo unapanda mno, silali, naongea bila kituo, nagawa hata mbuzi wasio wangu. Kisha unashuka, hata kuitikia salamu inanishinda.

Tulipoishi Kolo, mke wangu ndiye aliyekuwa kipimo. Akinishuku ananiwekea ungo wa choroko. "Sheikh, nisaidie kuchambua." Nikimaliza, napewa chai. Nikiinuka katikati, anacheka, "Choroko zinakuuma?" Halafu anamwita kaka yangu, tunaenda hospitali.

Mlango wazi, jua la asubuhi, wageni wanapita kwenda kuona michoro ya kwenye miamba, sisi tuko na ungo wetu. Acheni tu.

Alipofariki, Allah amrehemu, binti yetu Mwanaidi akanihamishia kwake Kizota. Akaniwekea app kwenye simu. Inafuatilia usingizi wangu na simu ninazopiga, na kila jioni inaniuliza moyo ukoje. Ikiona mabadiliko inamtaarifu. Niliridhia mwenyewe.

Ramadhani hii ikamtaarifu.

"Baba, hulali. Na umewapigia simu mpaka watu wa Singida."

"Mwezi huu nani analala? Simu inajua tarawehe?"

"Haijui. Ila mama alikuwa anajua."

Wakuu, nilikuwa na raha ya ibada niliyoikosa miaka mingi. Qur'ani inatiririka, dua hazikatiki. Sasa niambiwe ni ugonjwa? Basi na dua zangu ni ugonjwa?

Nikamwambia alete choroko.

"Nina maharage tu, Baba."

Nikakaa nayo. Sijapata hata konzi moja safi, nikajikuta niko mlangoni namwita fundi wa kuchomelea wa jirani, nimweleze msikiti tutakaoujenga. Kugeuka, Mwanaidi ameshika ungo, machozi yanamtoka na huku anacheka.

"Baba, yanakuuma?"

Nikaenda kuvaa viatu.

Kliniki daktari akanibadilishia dozi, akasema nisifunge, mgonjwa ana ruhusa. Kula mchana wenzangu wamefunga kulinitia uchungu, sifichi. Lakini usingizi ulirudi. Nikarudi kuomba, taratibu, dua zilezile, na sasa nasikia ninachokiomba. Alhamdulillah.

Nilichojifunza: usiizime simu eti kwa kuwa haijui dini yako. Inaona usingizi, na usingizi hausemi uongo. Ila isiachwe peke yake. Mimi ningeibishia mpaka nikaharibikiwa, kama si mtoto aliyekumbuka mama yake.

Nanyi wenye wagonjwa kama mimi, karibuni mchangie. Kabla ya hizi simu, nani nyumbani kwenu alikuwa anawahi kujua? Alijuaje? Kama ametangulia, niandikieni jina lake tu, nitamwombea.