Siku Barua za Zabibu Zilipoondoka kwa Mpigo

Jamani, hili nalisimulia kwa aibu, maana mpaka leo nikipita mtaani kwetu Nkuhungu kuna akina mama wanaanza kucheka hata kabla sijawasalimia.

Kikundi chetu cha wakulima wa zabibu kilipata mnunuzi, mtengeneza mvinyo, akataka tumtumie bei kwa barua pepe yenye jina la kikundi, na zabibu zenyewe zilikuwa zimeshaiva, ndege wanazimaliza. Mimi ndiye niliyejitapa kwamba mambo ya seva, ile mitambo inayopeleka barua pepe, nayaweza (cheti cha kompyuta kipo, mama kakitundika ukutani). Nikaweka poti, yaani namba ya mlango barua zinapotokea, ile ya zamani, 25, na pale palipotaka jina na nywila wakati wa kutuma nikaparuka, nikaona usumbufu tu.

Tukakusanyika ukumbini, Mama Chilewa, mwenyekiti wetu, akataja bei, nikaandika, nikabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: barua imekwama.

"Imeenda?"

"Imeenda, mama." (Mbele ya wanachama wote ningesema nini?)

Tukasubiri. Kimya. Mama Chilewa akashusha pumzi, "Bei imemshtua huyu. Punguza kidogo, mwanangu." Nikaandika nyingine, nayo ikakwama, nikasema imeenda. Kimya tena. Wakapunguza tena na tena, mzee mmoja akafika hadi kusema usafiri uwe juu yetu, na mimi jasho linanitoka huku napekua mipangilio kimyakimya, mpaka nikagundua mtandao wetu umeifunga ile poti 25, nikaweka 587, nikatia alama pale pa uthibitisho, nikaandika jina na nywila. Ikakubali! Nikashangilia peke yangu, kisha nikaona barua zote zilizokwama zinaondoka moja baada ya nyingine, bei inateremka, hadi ile ya usafiri bure. Nilitamani ardhi ipasuke.

Simu ya Mama Chilewa ikaita, ni yule mnunuzi, akaweka spika.

"Shikamoo mama. Nimepata barua zenu kwa mpigo. Sasa nishike ipi?"

Wote wakanigeukia. Ikabidi niseme ukweli, kwamba muda wote ule hakuna hata moja iliyokuwa imeenda. Nilijua nimewaharibia msimu mzima. Mama Chilewa akanitazama, kisha akaisogelea simu.

"Marahaba, mwanangu. Shika ya kwanza. Hizo nyingine tuliandika kwa hofu, na wewe ulikuwa hujakataa chochote."

Yule bwana akacheka mpaka spika ikakwaruza. "Haya, mama. Kesho nakuja kuzionja. Zikiwa tamu, nalipa ya kwanza."

Akaja, akaonja, akachukua kishada cha pili kabla hajamaliza cha kwanza, akalipa bei ya kwanza. Usafiri tu ndio aliogoma kuusahau, ukabaki juu yetu (mzee wetu analaumiwa mpaka leo).

Kazi ya barua hawakuninyang'anya, Mungu awabariki, nami nimeapa kwamba isipokwenda nitasema haijaenda, hata kama ukumbi umejaa. Ila kila nikibonyeza, Mama Chilewa anauliza, "Imeenda?" na nikijibu ndiyo, anavaa miwani, anaigeuza kompyuta na kuangalia mwenyewe.