Mume Wangu na Nepi za Mtoto

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji, daktari alinikataza kuinama na kubeba vitu vizito. Mume wangu akachukua beseni. Tulikuwa tumehamia Ihumwa kikazi, hatuna ndugu karibu, na nyumba tuliyopanga haikuwa na uzio. Kila alichofua alikifua mbele ya mtaa mzima.

Mwanzoni alifua vibaya, nisimsifie bure. Nilipopona nikamwambia anirudishie beseni langu, akakataa.

"Kwani mtoto ni wako peke yako?"

Basi maneno yakaanza. Mwanaume akifua nepi hadharani, watu wana jibu moja tu: mke kampa limbwata. Dawa yenyewe sijawahi kuiona, wala sijui wanaitia kwenye chai au kwenye mchuzi. Jirani yetu, fundi ujenzi mwenye sauti kubwa, hakupita bila kumtania, "Kaka, umekaliwa!" Mume wangu anacheka, anaendelea kusugua. Mimi hasira zangu ziko karibu, nilitamani kummwagia yule fundi maji ya sabuni.

Kisha habari zikafika Mpwapwa, kwao mume wangu, na mama mkwe akapiga simu kwamba anakuja. Hakusema anafuata nini. Niliogopa kweli. Yule mama nampenda, na mama akishaamini kwamba umemroga mwanawe, hata chai yako hainywi kwa amani.

Siku ya kufika kwake nilimsihi mume wangu, ambaye sasa hata kupika alipika, aniachie mwiko, walau siku hiyo moja. Akasema tukijificha leo, ndipo wataamini kweli kuna dawa. Mama akaingia, nikampokea mzigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, macho kwa mwanawe anayesonga ugali wa uwele.

Mwanawe akamnawisha mikono, akampakulia, akamsogezea mlenda. Mama alikula polepole.

"Ugali wako mgumu," alimwambia hatimaye. "Nimepika tangu nikiwa msichana mdogo. Leo ndiyo mara ya kwanza mwanaume kunipakulia chakula." Akanigeukia. "Na mimi nilikuja kukugombeza, mwanangu."

Tulicheka wote watatu, ingawa mimi kicheko changu kilikuwa na machozi.

Kesho yake fundi akapita na utani wake. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi mlangoni na mjukuu, akamwita.

"Wewe baba, nepi za kwako anafua nani?"

Fundi akaongeza mwendo, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata tulimwona anafua nyuma ya nyumba yake, amejibanza ukutani. Baada ya wiki chache alihamia mbele, kwenye jua, na sauti yake ile ile, anampigia kelele mtu yeyote anayetimua vumbi karibu na kamba yake.

Krismasi tulikwenda Mpwapwa. Mama mkwe tulimkuta kwenye mkeka, amenyoosha miguu, hana haraka. Nilipomuuliza baba mkwe yuko wapi, akanyoosha kidole kuelekea bombani. Nikaenda kumwamkia. Nilimkuta kwenye foleni katikati ya wanawake, ana ndoo mbili na kofia yake ya kanisani, anagombana na mzee mwenzake aliyechomeka ndoo mbele yake.