Dawa Alizokunywa Mke wa Tanuri

Mwoka mikate mmoja, mtaani wakimwita Tanuri, alimwoa msusi mcheshi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Miaka ikapita, nyumba ikabaki ya watu wawili. Lawama haikupotea njia. Ilikwenda moja kwa moja kwa mke.

Kila kichwa alichosuka kilimwachia ushauri. Huyu alimpa mizizi ya kuchemsha, yule mbegu za kusaga na asali, mwingine akamfundisha kulala miguu juu ukutani. Mama mkwe aliwapita wote. Alileta chupa za maji meusi, akasimama mlangoni mpaka mkamwana wake ameramba tone la mwisho. Siku moja, palepale saluni mbele ya wateja, alisema mwanawe amefuga majogoo wawili banda moja halafu anangoja mayai. Tanuri alikuwapo. Alicheka kidogo.

Mke akaanza kutapika, macho yakawa ya manjano. Kliniki, daktari alimuuliza anakunywa nini, naye akavitaja vyote kwa sauti ya chini. Daktari akamgeukia mume.

"Na wewe baba, umeshapimwa?"

Tanuri alitazama viatu vyake. Mkewe, hoi vile alivyokuwa, akamjibia kwamba mume wake hapati nafasi, kazi zimembana. Uongo huo wa kumsitiri ulimchoma Tanuri kuliko swali lenyewe. Mara ngapi mkewe alikuwa amemwomba waende wote, naye akamjibu kwamba mwanamume mzima hapimwi!

Alipimwa. Mbegu zake zilikuwa chache na dhaifu. Daktari hakumkejeli. Alimweleza kuwa joto la kazini na sigara huenda vinachangia. Aache kuvuta, akae mbali na moto, ale vizuri na kulala vya kutosha, kisha arudi. Hakumwahidi kitu. Mke hakuonekana na kasoro, ila ini lilihitaji kupumzika, na chupa zile zimwagwe zote.

Nyumbani, Tanuri alimweleza mkewe akiwa amesimama, kwa kuwa kukaa kando yake alikuona ni kujipendelea.

"Siku ile ya majogoo ulicheka," mke alisema.

"Nilicheka."

"Basi sina la kuongeza." Akageukia ukutani.

Mama alipokuja na chupa nyingine, mwanawe alimzuia mlangoni, akamwambia tatizo liko kwake yeye mwenyewe, si kwa mkewe. Mama alitazama huku na huku.

"Punguza sauti, mwanangu. Majirani watasikia."

"Mbona ya kwake waliyasikia yote, mama?"

Mama aliketi kwenye kizingiti, chupa mapajani, hakujua aipeleke wapi.

Tanuri ameacha sigara. Sasa anakanda unga chumba cha nyuma, na wenzake wakimuuliza kwa nini amekimbia moto, huwaambia sababu bila kuizungusha, masikio yakimwaka. Vipimo vya pili vilikuwa afadhali kidogo. Mtoto hajaja bado. Mke amepona, amerudi saluni, na mizaha yake imerudi pia, lakini kwa wateja. Kwa mumewe ana majibu ya heshima tu. Jioni Tanuri humpikia, humwandalia meza, halafu huinamia sahani yake mwenyewe. Juzi mke alimsogezea chumvi kabla hajaiomba. Tanuri alishukuru, akashindwa kumtazama usoni.