Goti la Kiburi

Hapa Nchelenge, kando ya ziwa, mwanamke humsalimu mtu wa heshima akiwa amepiga magoti, huku akipiga makofi taratibu. Mimi nimetoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, lakini miaka ya kuuza samaki ufukweni imenizoesha. Kwa hiyo siku wazazi wa kijana walipokuja kumposa binti yangu, nami nikawasalimu nikiwa nimekaa kitini, walinuna. Mama wa kijana aliyatoa ya moyoni kwa sauti, hata hakunong'ona.

"Huyu mama wa Kongo iko na kiburi," alisema. "Mutoto wake naye atatusalimia kwenye kiti?"

Ningewaambia ukweli, kwamba goti langu la kulia limelika, kwamba kuchuchumaa kuanika dagaa kulikuwa kunanitoa machozi. Lakini ningemwambiaje mkwe kwamba binti anayemchukua ana mama mbovu? Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijua, na bado nikaficha. Kiburi ninacho kweli, ila si kile walichokiona.

Ulibaki mwezi mmoja kabla ya siku ya kuwapelekea wakwe chakula, siku ambayo mama wa binti hupiga magoti mbele ya ukoo mzima. Nikishindwa, binti yangu angeingia kwa watu akiwa na jina baya. Nilikwisha jaribu kuchanjwa kwa wembe, majani ya kukanda, mafuta ya kila aina. Nikaenda hospitali.

Daktari, Mzambia anayejua Kiswahili cha sokoni, aliitazama picha ya goti langu. Akaniambia kwamba sindano haitanirudishia goti la usichana, lakini inaweza kupunguza maumivu kwa miezi kadhaa. Akasafisha, akachoma ndani ya kiungo. Dawa ilichanganywa na ya ganzi, kwa hiyo baada ya dakika chache nilisimama na maumivu hayapo! Moyo ulinijaa furaha. Na mtu akikutendea wema mkubwa namna hii, unamshukuru vipi? Nikapiga magoti palepale sakafuni, nikaanza makofi.

"Mama, lamuka!" daktari akapiga kelele, akinivuta niinuke. "Hii goti njo nimechoma sasa hivi! Siku mbili unapumuzika!"

Jioni ganzi ilipoisha, nilikiona cha mtema kuni. Nililala siku mbili nikijilaani, nikiamini kwamba nimeiharibu dawa kwa adabu yangu mwenyewe. Siku ya nne niliamka, nikaenda chooni, nikarudi. Nilipoketi kitandani ndipo nikatambua kwamba sikushika ukuta.

Siku ya chakula ikafika. Niliingia na chungu cha kuku, nikakitua mkekani mbele ya mama wa kijana. Nikashuka: goti la kushoto, kisha la kulia. Likakubali. Nikapiga makofi, nikaendelea kupiga, muda mrefu kuliko desturi, na nakiri nilifanya makusudi.

"Inatosha, mayo," mama wa kijana akasema, akiniita mama kwa lugha yao. "Lamuka."

Wanawake wawili wakaninyooshea mikono. Niliikataa. Nikainuka mwenyewe, sikushika kitu, vigelegele vikalipuka nyuma yangu. Nikamtazama mama wa kijana usoni.

"Ile siku ilikuwa goti," nikamwambia. "Kiburi njo hii ya leo."

Akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akasogea, akanipa nafasi mkekani kando yake.